Maswali Yaliyotangulia Lamboni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutuma maswali kabla ya kwenda kusalimia. Kwa watu wa mama yangu mambo hayaanzi hivyo. Ukiwa na haja na mtu unafika mwenyewe, unabisha hodi, unapewa kigoda, unaulizwa habari za mvua za huko utokako, nawe unauliza habari za ng'ombe. Mnakunywa maziwa. Haja yako inatoka baadaye kabisa, wakati kila aliyemo uani amekwisha kukutazama vya kutosha. Nilikuwa nalijua hilo. Niliona ni kupoteza muda.

Wakati huo nilikuwa fundi wa redio pale Igoma, meza yangu ikiwa kwenye baraza ya duka la vipuri vya baiskeli. Ufundi sikusomea. Nilianza kwa kufungua redio ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa, nikawa nachora kila waya kabla ya kuugusa, na parafujo moja ikibaki mezani nilifungua redio nzima upya hata kama inaimba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara imefunguliwa, redio-kaseti za Dubai zimejaa kila kona, na nyingi zinakufa mapema, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Lakini kila kitu kipya kilikuja na cha bandia kinachofanana nacho: betri, sabuni, dawa ya malaria, mpaka wembe. Nikajizoeza kutoamini chochote mpaka nimekipima.

Samaki ndio sikuwaamini kabisa. Sangara wakubwa walikuwa wanakwenda kwenye viwanda vya minofu, kisha kwenye ndege, na sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa ya kukaanga. Sato alikuwa haonekani kirahisi, na mtaani ilisemwa kwamba kuna wavuvi wanaomwaga dawa ya wadudu wa pamba ziwani ili samaki waelee wenyewe. Sijui kama ilikuwa kweli upande wetu. Hata hivyo kila samaki aliyeletwa nyumbani nilimbonyeza macho, nikamfunua mashavu, nikamnusa. Siku moja fundi baiskeli aliyekuwa na meza jirani na yangu akanikuta nikifanya hivyo mbele ya mama mmoja muuza samaki.

"Unamchunguza kama unataka kumposa," akasema. "Si ukavue wa kwako?"

"Nitavua."

"Wewe? Umekulia Mwanza hii, ziwa liko hapo, na hata dagaa hakujui!"

Mama wa samaki akacheka mpaka akaweka beseni chini.

Nitasema ukweli ambao siku ile sikuusema. Kuvua nilitaka. Nisichotaka ni kuonekana nikijifunza. Mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kuna watoto wanaofunga ndoano huku wanaangalia pembeni, na mimi mtu akinitazama nikiwa sijakijua kitu vizuri mikono inakuwa kama ya kuazima. Nilihitaji maji madogo yasiyo na watu. Ndipo nikalikumbuka lambo la kijijini kwa mjomba wangu, ndani kidogo ukishapita Bujora. Ni bwawa la kuchimbwa, ng'ombe hunywa hapo kiangazi. Nililiona nikiwa mdogo. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mara kwa mara mviringo ulitokea juu ambapo samaki amekuja kuchukua hewa.

Nikaanza kupanga. Nilikata mwanzi, nikaununulia mshipi na ndoano, boya nikalitengeneza kwa kisigino cha kandambili, uzito nikafunga nati ya baiskeli. Mafundo niliyarudia mpaka vidole vikawa na alama. Nyuma ya nyumba niliweka beseni, nikawa narusha mshipi usio na ndoano mpaka nati ikawa inaangukia ndani karibu kila mara. Kilichobaki ni lambo lenyewe, ambalo sikujua chochote juu yake, na simu kule hakuna. Ila kila asubuhi alipita Igoma muuza maziwa mmoja kutoka kijiji hicho hicho, madumu yakining'inia kwenye baiskeli. Nikamwita.

Sifichi: sikumwamini. Nilishuku maziwa yake yana maji, na nilishuku atayapotosha maneno yangu. Kwa hiyo nilimfundisha maswali moja baada ya jingine, akayarudia mbele yangu mpaka akayashika kama sala. Hakupotosha hata neno. Balaa lenyewe lilianzia hapo.

"Haya, sema tena," nikamwambia.

Akakohoa, akasema: "Lambo lina samaki? Ng'ombe wanakuja kunywa saa ngapi, wanaondoka saa ngapi? Wanapita njia ipi? Nani anakuwa nao? Kuna wakati ambapo pale hapana mtu kabisa? Mbwa wanafungwa au wanaachiwa? Na kuna njia ya kutoka lamboni mpaka barabara kuu bila kupita kijijini?"

"Sawasawa."

"Haya yote ni ya kuvua?"

"Ni ya kuvua."

Akanitazama kidogo, akapanda baiskeli yake.

Kila swali nililipima. Ng'ombe huchafua maji, na samaki hawaoni chambo. Wachungaji wangenitazama. Mbwa nawaogopa. Na ile njia ya pembeni niliitaka kwa sababu, nikikosa samaki, sikutaka kupita uani kwa watu nimebeba mwanzi na mikono mitupu. Nilijipongeza kwa kutosahau kitu.

Kesho yake jibu likaja. "Mjomba wako amesema lambo halina samaki."

"Basi?"

"Basi. Anakusalimu."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Mjomba wangu ni mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza habari ya mbuzi anakupa na ukoo wa mbuzi. Iweje leo jibu fupi hivyo? Wiki ile ile mama mmoja wa upande wa Kisesa alileta redio yake, nikamuuliza kwa mbali kama analijua lambo la kule.

"Lile? Mwanangu, kambare wa pale wanameza vifaranga vya bata."

Kumbe! Mjomba ananidanganya. Kuanzia hapo akili yangu ilifanya kazi kama inavyofanya kwenye redio inayokoroma, kutafuta kasoro iko wapi. Nilijiambia mjomba ameingia biashara, maana wakati ule kila mtu alikuwa ameingia biashara. Ana mtu wa mjini mwenye nyavu, wanawavua kambare kimyakimya, na mimi mpwa wake anayemtumia salamu kila mwaka naambiwa hakuna samaki. Nikaamua kumbana. Nikamfundisha muuza maziwa maswali ya pili: nani analinda lambo? Wanapokezana? Na siku ya mnada, watu wakienda mnadani, kijijini anabaki nani?

Safari hii muuza maziwa hakuyarudia kwa sauti. Alikuwa anatazama gurudumu la mbele. Nikasema moyoni, naam, huyu naye yumo.

Jibu lilikuwa fupi zaidi: "Mjomba anasema usije."

Baada ya hapo akaja mtu na redio isiyo mbovu. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito juani, na alikaa kwenye benchi langu kama mtu asiye na haraka.

"Inasumbua nini, mzee?" nikauliza baada ya kumwamkia.

"Haisumbui. Itazame tu."

Niliifungua, nikaikuta safi kuliko nyingi ninazozirudisha kwa wenyewe. Yeye akawa anauliza. Kwetu ni wapi? Hapa hapa. Kwa mama je? Nikamtajia kijiji. Nyama ninakula? Nikipata. Naipata bucha gani? Nikamtajia. Nina marafiki wenye malori?

"Wengi tu," nikasema, kwa sababu madereva wa malori walikuwa wateja wangu wazuri, redio za magari zikitikisika barabarani hukatika waya.

"Wanasafiri usiku?"

"Wengine."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua redio yake, akaondoka. Nilijua ni nani: mtu wa leseni za biashara, amejificha kwenye koti. Siku mbili zilizofuata nilificha chini ya meza kila chombo kilichoonekana kipya, na fundi baiskeli akaniuliza kama nahama.

Hakuwa mtu wa leseni. Nililijua hilo asubuhi mjomba alipofika mwenyewe, baiskeli imejaa vumbi. Nilisimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Hakuuliza mvua. Soda nilimletea, akaiweka chini bila kuifungua. Akasema, "Unataka nini kwetu?"

"Samaki, mjomba."

"Samaki."

"Ndiyo."

Akavua kofia, akajifutia uso, akaivaa tena. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini ili fundi baiskeli asisikie, ingawa fundi baiskeli alikuwa ameacha kugonga kabisa. Kijiji cha jirani zizi zima lilikuwa limeondolewa, na wezi walijua kila kitu: saa ambayo watu hawapo, njia ya pembeni, mbwa gani wa kutupiwa nyama. Sungusungu, yaani walinzi wa vijiji, wakaitisha mkutano na kutangaza kwamba anayejua jambo akanyamaza atahesabiwa na wezi. Muuza maziwa akaogopa. Akasimama mbele ya watu akayasema maswali yangu, ya kwanza na ya pili, yote kama nilivyomfundisha.

Nilikuwa nayasikia upya kichwani, kwa masikio ya mtu mwenye ng'ombe.

"Kamanda wao alikuja hapa na redio kukutazama," mjomba akasema. "Ulimwambia una marafiki wenye malori wanaosafiri usiku."

"Mjomba, wale ni madereva wa..."

"Usinieleze mimi. Wamesema nikulete leo ujieleze kwao. Nisipokuleta, au ukijieleza vibaya, wananitenga."

Kutengwa nilikuwa nimekusikia tangu utoto. Hakuna anayekusalimu. Ng'ombe wako hawachungwi pamoja na wa wengine, moto huombi kwa jirani, na ukifiwa unachimba kaburi na wanao peke yenu. Mjomba hakunikumbusha hayo. Alisema tu, "Shangazi yako wewe mwenyewe unajua hali yake," kwa maana mkewe alikuwa mgonjwa kitandani muda mrefu, na majirani ndio waliokuwa wakimchotea maji.

Tukiwa tunaondoka akageuka. "Vidude vyako vya kuvulia viko wapi? Vibebe."

Niliendesha mimi, mjomba amekaa kwenye keria ameshika mwanzi wangu wima. Tulipita Kisesa, tukaacha lami, tukaingia njia ya mchanga. Naona aibu kuandika hili, lakini njia nzima nilikuwa ninamshuku. Nilijiuliza kama amenileta kujieleza, au amekwisha kunitoa ili ajiokoe.

Walikuwa juu ya tuta la lambo, wanaume wenye pinde na fimbo, na nyuma yao wanawake wachache. Yule wa koti zito alikuwa katikati.

"Redio yangu inaendelea vizuri," akasema. Hakuna aliyecheka.

Muuza maziwa akasimamishwa. Akawa analitaja swali, nami nalijibu. Ng'ombe wanachafua maji. Mbwa nawaogopa, nilishaumwa. Majibu yalikuwa ya kweli, na kila moja lilivyotoka lilinuka uongo. Tukafika kwenye mnada.

"Kwa nini ulitaka kujua siku ya mnada anabaki nani?" kamanda akauliza.

"Ili nisikutane na watu."

"Unaogopa watu?"

"Ndiyo."

"Mtu mwenye nia njema anawaogopea nini watu?"

Nilitafuta jibu lenye heshima, nikapata la kijinga. "Mimi ni mvuvi," nikasema. "Mvuvi anapenda kimya."

Bibi mmoja aliyekuwa amejifunga khanga kiunoni akasogea mbele. "Kama ni mvuvi, lambo si hilo? Avue tuone."

"Vua," kamanda akasema.

Nikafungua kopo la minyoo. Walikuwa wamekauka kwa jua la njiani, wamekuwa kama nyuzi. Nilimtoboa mmoja akakatika, wa pili akakatika. Nikarusha na kipande. Kwenye beseni nilikuwa nimerusha mshipi usio na ndoano, sasa ndoano ilikuwepo, nayo ikaja ikanishika mgongoni kwenye shati. Nilivuta, shati likapanda mpaka mabegani. Mtu mmoja akaja akaninasua kama anavyonasuliwa mbuzi kwenye miiba. Nikarusha tena kwa nguvu zangu zote. Nati ikakatika, ikaenda peke yake, ikatua katikati ya lambo kwa heshima kubwa, na boya la kandambili likaniangukia miguuni.

"Mama yangu wee," bibi akasema. "Hata samaki wamekimbia kwa huruma."

Hapo mmoja akacheka, mwingine akajikohoza. Kamanda hakucheka. "Ulisema wewe ni mvuvi."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, anatazama chini, kama mtu anayesubiri kutajwa jina la marehemu.

"Nimesema uongo," nikasema. "Sijawahi kuvua samaki hata mmoja tangu nizaliwe. Maswali yote yale niliuliza ili mtu yeyote asinione hivi mnavyoniona sasa. Niliogopa kuchekwa. Wale wa malori ninawatengenezea redio. Mjomba wangu hakujua kitu. Aliniambia samaki hakuna, akaniambia nisije, nikaona ananificha."

"Ulimshuku mjomba wako?"

"Ndiyo."

"Kwa samaki?"

"Ndiyo."

Kicheko kikalipuka chenyewe. Mzee mmoja ikabidi aegemee upinde wake. Bibi akamgeukia kamanda. "Na mwizi gani anamtuma muuza maziwa kumtangazia? Huyu umwachie ndama mmoja tu, ndama ndiye atamwiba yeye."

Kamanda akaondoka pembeni na wazee wenzake. Walizungumza Kisukuma cha haraka ambacho mimi wa mjini sikukishika chote. Nililoshika ni jina la zizi lile lililoibwa, lililotajwa mara kwa mara, na hakuna aliyekuwa akicheka tena kwenye kundi lile. Waliporudi, kamanda hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba.

"Hutengwi, ila kwa sharti. Mpwa wako ataingia kila kaya kabla jua halijazama, asalimie, akae, aonekane. Kaya itakayokataa salamu yake, tutalizungumza upya."

Tukaanza. Kaya ya kwanza walinipa maziwa na kuniomba nirushe tena. Ya pili walikuwa wamekwisha kusikia habari za shati. Nilikaa, nikanywa, nikaulizwa mvua za Igoma, nikauliza ng'ombe. Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni, na kila mlango mjomba alisimama nyuma yangu hatua moja, bila kunisaidia kwa neno.

Karibu na mwisho tulifika kwa mwanamume aliyekuwa anatengeneza jembe uani. Mjomba alininong'oneza kwamba ng'ombe walioibwa kijiji cha jirani walikuwa wa kaka yake.

"Shikamoo," nikasema.

Akaendelea kugonga jembe. Akaupima mpini, akautoa, akauchonga tena. Mkewe alitoka ndani, akatuona, akarudi. Nilisikia pumzi ya mjomba nyuma yangu. Sikurudia salamu. Kitu fulani kiliniambia nisilazimishe. Tulisimama pale mpaka mwanamume yule akaweka jembe chini na kunitazama usoni, muda mrefu, kama ninavyotazama mimi betri.

"Marahaba," akasema. Kisha kwa mkewe, "Toa kigoda. Na cha mjomba wake."

Tulipotoka jua lilikuwa linagusa miti. Njiani ndipo mjomba alipoanza kuzungumza, kwanza habari za mbuzi. Baadaye akasema, "Maswali yako yalipofika, nilijua yanasikikaje. Nikasema samaki hakuna ili unyamaze. Samaki wapo. Wanavuliwa na kijiji kizima siku moja, maji yakipungua. Nilidhani mtoto wa dada yangu akisikia hakuna, ataelewa kuna jambo."

"Sikuelewa."

"Ukatuma na mengine."

Tukatembea. Nilikuwa na swali, nikalipima mara mbili moyoni kabla ya kulitoa. "Na wewe mjomba, ulinishuku?"

Akaisogeza baiskeli upande wa pili wa mwili wake. "Lile swali la mnada lilipokuja," akasema, "nililala zizini."

Tukafika kwake. Shangazi alikuwa amewekewa maji mlangoni, mtungi umejaa.

Mjomba bado anachunga pamoja na wenzake. Na mimi, tangu siku ile, mtu akinijibu kwa ufupi simtumii swali la pili.